Mkazo, msongo, mfadhaiko au dhiki: neno lipi litumike wapi

Miaka miwili iliyopita niliombwa kuhariri kijitabu cha afya cha akina mama waliojifungua. Kilikuwa kimeshatafsiriwa kutoka Kiingereza, na kazi yangu ilikuwa kunyoosha lugha tu. Katikati ya kijitabu nikakuta sentensi hii: "Baadhi ya wanawake huvuja mkojo kutokana na msongo wa mawazo." Chini yake yalifuata maelekezo ya kukaza misuli ya nyonga, kuibana, kuhesabu, kuiachia, kurudia. Nikasimama hapo. Mawazo na misuli ya nyonga vimekutana wapi?

Vimekutana kwenye neno moja la Kiingereza, stress. Aliyeandika mwanzo alikuwa na maana ya kimwili kabisa. Mama akikohoa, akipiga chafya au akinyanyua ndoo, tumbo hukaza, kibofu kinasukumwa, na misuli iliyolegea baada ya uzazi inashindwa kufunga njia ya mkojo. Mfasiri aliliona neno, akachukua maana anayoisikia kila siku redioni, na mama wa watu akaambiwa anajikojolea kwa sababu anawaza sana. Akiamini hivyo, atajilaumu kwa kuwaza na hatafanya mazoezi ambayo yangemsaidia.

Tangu siku ile nimekuwa nikiyaweka maneno yetu ubavu kwa ubavu kila ninapokutana na neno hilo kwenye kazi ya tafsiri: mkazo, msongo, mfadhaiko, shinikizo, dhiki, na hata stresi ya vijiweni. Nimefikia kuamini kwamba Kiswahili hapa kimejaliwa kuliko Kiingereza. Wao wana neno moja linalobebeshwa fani tatu, sisi tuna maneno sita. Tunachokosa ni mazoea ya kuchagua. Mimi huanza na maswali mawili: ni kitu gani kinachobeba, na je, mwandishi anazungumzia mzigo wenyewe au kinachotokea ndani ya mbebaji?

Kwa mhandisi: mkazo

Katika fizikia maana imenyooka, kwa hiyo tuanzie huko. Mkazo ni kani inayopita ndani ya kitu, ikigawanywa kwa eneo inalopitia. Kipimo chake ni paskali, yaani newtoni moja kwa kila mita moja ya mraba. Mfaransa Augustin-Louis Cauchy ndiye aliyeipa dhana hii sura ya kihisabati, mwaka 1822.

Chukua gunia la kilo 100 ulitundike kwenye nondo ya milimita 12. Uzito wake ni takriban newtoni 981, na uso wa nondo uliyoikata una milimita za mraba 113. Mkazo ndani ya nondo unakuwa karibu megapaskali 8.7, na megapaskali moja ni paskali milioni moja. Sasa litundike gunia lilelile kwenye nondo ya milimita 6. Unene umepungua kwa nusu, lakini eneo limepungua mara 4, kwa hiyo mkazo unapanda hadi kama megapaskali 35. Chuma laini cha ujenzi huanza kuharibika umbo bila kurudi kwenye megapaskali 250 hivi, kwa hiyo nondo zote mbili ziko salama. Mfano huu ninaupenda kwa sababu ya jambo moja: gunia ni lilelile, mkazo ni tofauti. Mzigo na mkazo ni vitu viwili. Kumbukeni hilo, maana tutalihitaji tukifika kwa wanasaikolojia.

Kuna kitu cha tatu pia, nacho ni badiliko la umbo: nondo imerefuka kwa kiasi gani ikilinganishwa na urefu wake wa awali. Robert Hooke alichapisha mwaka 1678 kanuni kwamba springi hurefuka kulingana na kani inayoivuta, na wahandisi hadi leo huchora mkazo upande mmoja wa grafu na badiliko la umbo upande wa pili. Kwao hakuna anayechanganya vitu hivyo. Mkazo ni kinachopita ndani, badiliko ni kitu kilivyojibu.

Mkazo pia una mwelekeo. Kuna wa kuvuta, wa kugandamiza, na wa kukata kama mkasi. Zege linastahimili sana kugandamizwa, lakini likivutwa uwezo wake ni karibu sehemu moja ya kumi tu, ndiyo maana fundi hulaza nondo upande wa chini wa boriti, ambako mzigo ukikaa juu boriti huvutika. Hapa ndipo mkazo unapoachana na shinikizo. Maji yaliyotulia ndani ya tangi yanasukuma pande zote sawasawa. Hayavuti wala hayakati. Vitabu vya sayansi vya Tanzania vina neno kanieneo kwa hilo, neno zuri kupindukia kwa sababu limebeba fomula yake lenyewe: kani na eneo. Shinikizo la damu ni la aina hiyo. Mtu mwenye 120 kwa juu ana damu inayosukuma ukuta wa mshipa kwa milimita 120 za zebaki, sawa na takriban paskali 16,000. Presha ya daktari, basi, ni fizikia halisi, ingawa nyumbani tunasema "usinipandishe presha" tukiwa na hasira.

Kwa uhandisi, basi, andika mkazo na usihangaike. Limetoka kwenye kukaza, na kukaza ndiko kunakotokea. Walimu wa lugha nao wanalitumia kwa silabi inayotamkwa kwa nguvu, ile inayotofautisha barabára tunayopita na kazi iliyofanywa barábara, lakini sijawahi kuona msomaji akichanganyikiwa kwa hilo.

Kwa daktari: mambo yanapindana

Mwili ndio uliolileta neno hili matatizoni, na mtu aliyelifikisha huko anajulikana. Hans Selye alizaliwa Vienna mwaka 1907. Alipokuwa akisomea tiba Prague, aliwaangalia wagonjwa wa maradhi mbalimbali na kuona kitu ambacho walimu wake hawakukishughulikia: wote walifanana. Walikuwa wamekonda, hawana hamu ya chakula, wamechoka. Kila mmoja alikuwa na ugonjwa wake, na bado kulikuwa na sura moja ya kuumwa.

Miaka ilipita, akafika Montreal, katika chuo kikuu cha McGill, akawa anafanya majaribio kwa panya. Akawachoma dawa za kila namna, akawaweka kwenye baridi, akawachosha kwa mwendo. Alipowapasua alikuta mambo matatu yaleyale: tezi zilizo juu ya figo zimevimba, tezi ya kifuani inayohusika na kinga imesinyaa, na tumbo lina vidonda. Mwaka 1936 alichapisha barua fupi katika jarida la Nature. Alieleza hatua tatu: mwili unashtuka, kisha unajikaza na kuhimili, na hali ikiendelea mno unaishiwa nguvu. Baadaye jambo hilo lote akaliita stress.

Sasa angalieni kilichotokea. Neno hilo wahandisi walikuwa wameliweka kwa kani inayopita ndani ya kitu, na jibu la kitu, lile badiliko la umbo, lilikuwa na jina lake, strain. Selye alikuwa akieleza jibu la mwili, akalipa jina la mkazo. Mwenyewe alikuja kukiri kwamba Kiingereza chake cha wakati ule hakikuwa kimekomaa kiasi cha kutofautisha maneno hayo mawili. Ilibidi baadaye atunge neno jingine kwa kile kinachosababisha. Wafaransa na Wajerumani walilipokea neno la Kiingereza kama lilivyo, pamoja na mkanganyo wake.

Sisi hatulazimiki kuurithi. Kwa kile kinachoupiga mwili, iwe baridi, njaa, jeraha au kukosa usingizi, mimi huandika kisababishi. Wako wanaopendelea kichocheo, lakini neno hilo limeshachukuliwa: kwenye zahanati zetu vichocheo ni homoni, na sentensi inayosema kwamba kichocheo kimeongeza vichocheo haimsaidii mtu. Kwa jibu la mwili lenyewe, yaani moyo kwenda mbio, sukari kupanda kwenye damu, homoni za adrenalini na kotisoli kumwagwa na tezi za juu ya figo, huandika mkazo wa mwili. Neno "wa mwili" lisiachwe. Linamkumbusha msomaji kwamba hatuzungumzii mawazo. Aliyeungua vibaya akalazwa bila fahamu, huenda hawazi chochote, lakini mwili wake uko kwenye mkazo mkubwa kuliko wa mtu yeyote mwenye hofu ya mtihani.

Mkazo wa mwili hauna paskali zake. Wengi hudhani kotisoli ndiyo rula, lakini kotisoli hupanda kila asubuhi kwa mtu mzima wa afya anapoamka, kisha hushuka kuelekea usiku. Ukimpima saa 1 asubuhi na saa 4 usiku utapata majibu tofauti kwa mtu yuleyule aliyeshinda ametulia.

Halafu kuna yale ya kitabibu ambayo kwa kweli ni ya mhandisi, na hapa ndipo tafsiri nyingi zinapoanguka. Lile la mkojo ni mojawapo. Jingine ni ufa mdogo wa mfupa unaowapata wakimbiaji wa masafa marefu na askari wapya kwenye mafunzo ya kwata: mguu unapiga ardhi maelfu ya mara, hakuna pigo moja lenye kuvunja, lakini mfupa unapasuka. Metali hufanya vivyo hivyo. Mwaka 1954 ndege mbili za Comet za Uingereza zilisambaratika angani, na uchunguzi ukaonyesha kwamba mwili wa ndege ulikuwa umechoka kwa kujazwa na kupunguzwa hewa safari baada ya safari, nyufa zikaanzia kwenye kona za matundu yaliyokatwa juu yake. Ufa wa mkimbiaji ni ndugu wa ufa ule. Uite ufa wa mfupa unaotokana na mkazo wa kurudiarudia. Tofauti yao ni kwamba mfupa una uhai. Ukipewa mapumziko unajijenga, na mzigo wa wastani unauimarisha. Wanaanga ambao mifupa yao haibebi kitu hupoteza takriban asilimia 1 ya mfupa wa nyonga kila mwezi. Nondo haina bahati hiyo.

Kipimo cha moyo ambacho mtu hutembezwa kwenye mashine huku akifuatiliwa mapigo nacho nimekiona kimeandikwa "kipimo cha msongo". Mgonjwa anakwenda akijiandaa kuulizwa habari za ndoa yake. Kipimo cha moyo kwa mazoezi kinatosha, na kila mtu anaelewa.

Kwa mwanasaikolojia: msongo, na mahali ambapo msongo haufai

Msongo umetoka kwenye kusonga, na aliyewahi kusonga ugali anajua neno lina uzito gani mkononi. Kitu kinazungushwa, kinabanwa, kinazidi kuwa kizito. Msongo wa mawazo ni picha hai, na kwa maana ya kisaikolojia sioni neno linaloishinda.

Mwaka 1984 wanasaikolojia Richard Lazarus na Susan Folkman walieleza kwamba mtu anapokutana na jambo hulipima mara mbili. Kwanza: je, linanigusa, linanitishia? Pili: je, ninacho cha kulikabili? Msongo huzaliwa pale anapoona linalotakiwa limezidi alichonacho. Rudini kwenye gunia. Mzigo mmoja, nondo mbili, mikazo miwili. Kupoteza kazi ni mzigo mmoja, lakini mwenye shamba na ndugu karibu anaubeba tofauti na aliyepanga chumba mjini peke yake. Kwa maana hii wanasaikolojia wamekaribia kwa mhandisi kuliko Selye alivyokaribia, japokuwa eneo linalobeba halipimwi kwa milimita.

Kabla yao, mwaka 1967, madaktari wa akili Thomas Holmes na Richard Rahe walikuwa wamejaribu kupima mzigo wenyewe. Waliorodhesha matukio 43 ya maisha na kuyapa alama, kifo cha mwenzi kikiwa na 100 na ndoa ikiwa na 50. Harusi nayo imo. Kwa Kiswahili huwezi kumwambia bibi harusi kwamba ana msongo wa mawazo bila kumharibia siku. Tungesema ana pilikapilika, au mambo yamemzidi. Orodha kama hiyo ukiifasiri, usiite msongo. Iite matukio yanayolemea au yanayobadili maisha.

Nina jambo moja linaloniuma kuhusu msongo wa mawazo, nalo ni kwamba kirai hiki kinaiweka shida ndani ya kichwa cha mtu. Mama anayedaiwa kodi ya miezi mitatu, mtoto karudishwa nyumbani kwa ajili ya michango, unga umekwisha: ukimwandikia kwamba ana msongo wa mawazo umesema kweli nusu. Mawazo yake hayana kosa. Yuko kwenye dhiki. Dhiki imetoka kwenye neno la Kiarabu la ufinyu, mahali pa kubana pasipo na nafasi, na ajabu ni kwamba neno la Kiingereza nalo, ukilifuata hadi Kilatini, linaishia kwenye kitenzi cha kukaza na kubana. Lugha mbili za mbali zimeona jambo moja. Mimi hutumia dhiki kwa hali iliyo nje ya mtu, na msongo kwa inavyomkaa moyoni. Kijitabu cha ushauri kinachotaja msongo peke yake kitamfundisha huyu mama kuvuta pumzi polepole. Pumzi husaidia, lakini kodi ipo palepale.

Mfadhaiko ni wa ghafla zaidi. Aliyeshuhudia ajali amefadhaika. Anatetemeka, hajui ashike nini. Ikimrudia miezi baadaye usiku, akaota, akakwepa njia ile, hilo ni suala la kiwewe, na madaktari wa akili wa Marekani waliliingiza kwenye mwongozo wao wa magonjwa mwaka 1980. Shinikizo libaki kwa linalotoka kwa watu: mkuu wa kazi, wazee wanaouliza utaoa lini, wenzako darasani.

Jingine ni sonona. Magazetini msongo wa mawazo hutumika kwa stresi na kwa sonona bila mpaka, na jambo hili linaumiza watu. Anayeambiwa ana msongo husubiri upite. Sonona ni ugonjwa: huzuni au kukosa hamu ya mambo yote kwa sehemu kubwa ya siku, karibu kila siku, kwa wiki mbili au zaidi, pamoja na dalili nyingine kama usingizi kuharibika na kujiona hufai. Huyo anahitaji kuonwa na mtaalamu. Ukikuta neno la Kiingereza la sonona, usilifasiri msongo hata kama wenzako wote wanafanya hivyo.

Kabla ya kuandika "msongo" lolote, ningemsikiliza kwanza mgonjwa. Watu wetu husema "nina mawazo", na Washona wa Zimbabwe wana kufungisisa, kufikiri kupita kiasi, ambayo mwongozo huohuo wa Marekani uliitaja mwaka 2013 kama namna yao ya kueleza mateso ya nafsi. Muuguzi akiuliza "una mawazo?" atapata jibu refu. Stresi nayo ina mahali pake kwenye ujumbe wa vijana na kwenye mazungumzo. Sitaiweka kwenye cheti wala kwenye maelezo ya dawa, maana hailengi kitu chochote hasa.

Mbebaji mmoja, maneno manne

Mfikirieni mbeba mizigo sokoni mwenye lile gunia la kilo 100 mgongoni. Kwenye pingili za uti wake kuna mkazo, na mhandisi angeweza kuukadiria kwa megapaskali. Moyo unakwenda mbio na jasho linamtoka. Huo ni mkazo wa mwili, utaisha akitua na kupumzika. Kichwani anapiga hesabu kama fedha ya leo itatosha, na hesabu haifungi. Huo ni msongo. Kwamba analazimika kubeba uzito unaomzidi kwa ujira mdogo ni dhiki, na haiondoki hata akilala usingizi mzuri. Kiingereza kingetumia neno moja mara nne. Daktari, mwajiri na mshauri kila mmoja angejua cha kufanya akisikia neno lake.

Vidonda vya tumbo vinafaa kutajwa kwa sababu ndipo tunapobishana zaidi. Panya wa Selye walipata vidonda, na kwa miaka mingi madaktari wengi walilaumu mawazo. Mwaka 1982, Perth huko Australia, Barry Marshall na Robin Warren walifanikiwa kuotesha maabara bakteria wa Helikobakta pailori waliotoka kwenye matumbo ya wagonjwa, na mwaka 2005 wakapewa Tuzo ya Nobel kwa kuonyesha kwamba ndiye anayesababisha vidonda vingi. Dawa za maumivu zinazotumiwa kwa muda mrefu ni sababu nyingine kubwa. Aliyelazwa mahututi anaweza kupata vidonda kwa mkazo wa mwili, na hapo neno ni sahihi. Lakini jirani mwenye kiungulia cha miezi sita, ukimwambia ni msongo wa mawazo, umemnyima kipimo cha bakteria na dawa za kumtibu.

Kuhusu kile kijitabu, nilimpigia simu mfasiri, tukakubaliana kulifuta neno kabisa badala ya kutafuta lingine. Ukurasa sasa unasema: "Baadhi ya akina mama huvuja mkojo wanapokohoa, kupiga chafya, kucheka au kunyanyua kitu kizito. Hutokea kwa sababu misuli ya nyonga imelegea. Mazoezi yafuatayo huikaza tena."